SOMO: SAA YA DHAHABU ILIYOJUA MWEZI WA PILI

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 1:14, Mwanzo 7:11 mpaka 8:14, Zaburi 90.

Katika somo la leo tutaangalia saa moja ya mfukoni, ya dhahabu, iliyomalizika kutengenezwa Paris mwaka wa 1827, na ambayo leo inalala katika nyumba ya makumbusho huko Yerusalemu. Wengine watauliza: saa iliyotengenezwa kwa ajili ya malkia wa Ufaransa inatuhusu nini sisi watu wa Kasapa, ambao wengi wetu tunatazama saa katika telefone? Ngojeni kidogo. Saa hii ilikuwa na kalenda ndani yake, na kalenda hiyo haikuwa ya kawaida. Ilijua yenyewe kwamba mwezi wa nne una siku 30, kwamba mwezi wa tano una siku 31, na kwamba mwezi wa pili una siku 28, lakini kila mwaka wa nne unapata 29. Hakuna mtu aliyepaswa kuikumbusha.

Kwa kuelewa ukubwa wa jambo hilo, tuanze na saa zetu za mkono. Wazee wengi katika kusanyiko wana saa yenye kidirisha kidogo cha tarehe. Kidirisha hicho kinahesabu kutoka 1 mpaka 31, kiisha kinarudi 1. Hakijui kingine. Mwezi wa nne ukimalizika tarehe 30, kesho yake saa inaandika 31 wakati watu wote wako tarehe 1 ya mwezi wa tano. Inabaki nyuma siku moja, na sherti mwenyewe aisogeze kwa mkono. Hesabuni pamoja nami: mwezi wa pili unairudisha nyuma siku 3, wa nne siku 1, wa sita siku 1, wa tisa siku 1, wa kumi na moja siku 1. Jumla siku 7. Mzee asiyesahihisha saa yake kwa mwaka mmoja anabaki nyuma juma zima! Na kama ni mwaka mrefu, siku 6.

Mtu atasema: siku mbili tatu, ni kitu gani? Basi tuchukue mfano. Sheria ya jamaa ya nchi yetu inatoa siku 90 kwa kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Tuseme mtoto amezaliwa tarehe 10 mwezi wa kwanza, katika mwaka mfupi. Siku ya 90 itakuwa tarehe 10 mwezi wa nne. Baba yake anatazama tarehe katika saa yake ya mkono, ambayo haikusahihishwa tangu mwezi wa pili. Saa inamwonyesha tarehe 8. Anasema moyoni, bado siku mbili, kesho nitatafuta feza ya usafiri, kesho kutwa nitafika biro ya komini. Kumbe siku ile ni tarehe 11, na muda umekwisha jana. Sasa njia yake inapita kwa tribinali, kutafuta hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti, pamoja na garama zake na kwenda na kurudi kwake. Mtoto hana kosa. Gurudumu moja dogo ndani ya saa ya baba yake halikujua kwamba mwezi wa pili ni mfupi.

Sasa turudi Paris.

FUNDI NA KAZI ALIYOPEWA

Fundi aliitwa Abraham-Louis Breguet. Alizaliwa mwaka wa 1747 huko Neuchâtel, katika nchi ya Uswisi, na tangu mwaka wa 1775 alikuwa na nyumba ya kazi Paris, kandokando ya mto Seine, kwenye njia inayoitwa Quai de l'Horloge, maana yake ukingo wa saa. Mwaka wa 1783 afisa mmoja wa walinzi wa malkia Marie-Antoinette alimletea kazi. Alitaka saa ya mfukoni yenye kila ufundi uliojulikana wakati ule. Mahali popote ambapo dhahabu ingeweza kushika nafasi ya madini mengine, iwekwe dhahabu. Bei haikupangwa. Siku ya kumaliza haikupangwa.

Ninyi mafundi mnaosoma somo hili mnacheka, ninajua. Kazi isiyo na bei na isiyo na tarehe mwisho wake unajulikana. Saa hiyo, iliyopewa nambari 160 katika vitabu vya Breguet, ilimalizika baada ya miaka 44. Malkia alikuwa amekwisha kufa miaka 34 mbele. Breguet mwenyewe alikuwa amekufa mwaka wa 1823. Aliyeona mwisho wa kazi ni mwana wake Antoine-Louis pamoja na wafanyakazi wake.

Ndani yake mna vipande 823. Inaonyesha saa, dakika, na nukta. Ukibonyeza, inapiga kengele ndogo kwa kukuambia saa na dakika hata gizani. Ina kipimo cha joto. Ina namna ya kulinda mhimili wa ndani usivunjike saa ikianguka, ambayo Breguet mwenyewe aliibuni. Nayo haina haja ya kutiwa ufunguo kila siku: ndani kuna uzito wa platini unaocheza juu na chini mtu anapotembea, na uzito huo unakaza resori. Kwa hiyo saa inakula mwendo wa mwenye kuivaa. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

GURUDUMU LA MIAKA MINNE

Kalenda inayojua miezi inafanya kazi namna gani? Nitaeleza namna iliyozoeleka kwa mafundi wa saa za kalenda kama hiyo, maana kitu hiki kikifahamika kinafurahisha.

Kuna gurudumu moja linalokwenda polepole kuliko yote. Linazunguka mara moja tu kwa miaka minne. Ukingo wake umegawanywa sehemu 48, kwa miezi 48. Sehemu ya mwezi wa siku 31 imeachwa nzima. Sehemu ya mwezi wa siku 30 imechongwa pengo dogo. Sehemu ya mwezi wa pili imechongwa pengo refu, na kati ya miezi ya pili minne, mmoja una pengo fupi kidogo kuliko wenzake: ndio ule wa siku 29. Juu ya ukingo huo kunalala mkono mdogo wa chuma, kama kidole cha kipofu kinachopapasa ukuta. Mwisho wa mwezi ukifika, kidole kikikuta ukingo mzima, tarehe inasogea jino moja, kama kila usiku. Kikiingia katika pengo dogo, tarehe inaruka siku moja zaidi. Kikizama katika pengo refu, inaruka siku tatu zaidi, kutoka 28 mpaka 1 kwa usiku mmoja.

Ni hivyo tu. Hakuna uchawi. Akili yote ya kalenda imechongwa na tupa katika kipande cha chuma. Lakini fikirini uvumilivu wa fundi. Ukitengeneza gurudumu la dakika na kulikosea, utajua leoleo. Gurudumu hili ukilikosea katika sehemu ya siku 29, kwa mwendo wa kawaida utangoja mpaka miaka minne ndipo kosa litokee. Katika ile miaka 44 ya kutengenezwa kwake, lingezunguka mara 11.

Na hata gurudumu hili lina mpaka wake. Hesabu ya kila mwaka wa nne si kamili. Miaka inayofunga karne, kama 1800 na 1900, haikupata siku ya 29, ila ile inayogawanyika kwa 400, kama mwaka wa 2000. Mwaka wa 2100 hautakuwa nayo. Gurudumu la miaka minne halina njia ya kujua hayo. Siku ile watu wote watakapoingia tarehe 1 mwezi wa tatu 2100, saa za namna hii zitaonyesha 29, na mtu atapaswa kuzisogeza kwa mkono, kama mzee wetu na kidirisha chake.

NCHI ILIPOBADILISHA KALENDA

Wakati saa hii ilipokuwa bado juu ya meza ya fundi, nchi ya Ufaransa yenyewe ilitupa kalenda yake. Wanamapinduzi waliokuwa wamemwondoa mfalme waliamua mwezi wa 10, mwaka wa 1793, kwamba miaka haitahesabiwa tena kutoka kuzaliwa kwa Kristo, bali kutoka tarehe 22 mwezi wa 9, 1792, siku ya kwanza ya jamhuri. Miezi yote 12 ikapewa siku 30 sawasawa, na siku 5 au 6 za mwisho zikawekwa kando. Juma la siku saba likafutwa. Mahali pake likawekwa juma la siku kumi, na pumziko likawa siku ya kumi. Hata siku ikakatwa kuwa masaa 10, kila saa dakika 100. Mafundi wakatengeneza saa zenye hesabu mbili usoni, ya zamani na mpya, maana watu walikuwa wanapotea.

Hesabu ya siku si kitu cha kuchezea. Sisi hapa Lubumbashi tunaita Jumatatu siku ya kwanza. Mtu wa Zanzibar siku ileile anaiita ya tatu, kwa sababu yeye anaanza kuhesabu baada ya Ijumaa. Jumamosi yake, ambayo kwake ni ya kwanza, kwetu ni siku ya posho, jina lililobaki kutoka wakati wafanyakazi walipogawiwa chakula siku ile. Na bado yeye na sisi tukipanga kukutana, tutakutana, kwa sababu wote wawili tunahesabu saba. Mwenye kuhesabu kumi hatakutana nasi ila kwa bahati. Mwajiri anayempumzisha mtu mara moja kwa siku kumi, badala ya mara moja kwa siku saba, amemwongezea kazi bila kumwambia.

Masaa ya kumi hayakudumu. Mwezi wa 4, 1795, sheria yake ilisimamishwa. Kalenda yenyewe iliishi mpaka Napoleon alipoifuta, na tarehe 1 mwezi wa kwanza 1806 Wafaransa wakarudia hesabu ya zamani. Breguet hakuiona miaka yote hiyo akiwa Paris: alikimbia machafuko mwaka wa 1793 akaenda Uswisi, akarudi mwaka wa 1795.

Malkia yeye hakuwa na pa kukimbilia. Alifungwa mwaka wa 1792. Na hapa kuna jambo ambalo sisi wa Kasapa, wenye gereza upande mmoja na chuo kikuu upande mwingine, tunaweza kulifahamu kuliko wengi. Akiwa gerezani alimwomba Breguet saa nyingine, saa ya kawaida, isiyo na mapambo. Ile ya dhahabu, yenye kalenda ya miaka minne, ilikuwa haijamalizika. Mtu aliye ndani anataka kujua ni saa ngapi na ni siku gani, basi. Wanaokwenda kutembelea wafungwa hapa kwetu wanajua: mara nyingi kabla ya kuuliza mmeleta nini, wanauliza leo ni tarehe ngapi. Gereza lake la mwisho, Conciergerie, lilikuwa kwenye ukingo uleule wa mto ambako nyumba ya kazi ya Breguet ilikuwa. Mtu angeweza kutembea kwa mguu kutoka mlango mmoja mpaka mwingine. Aliuawa tarehe 16 mwezi wa 10, 1793, siku kumi na moja tu baada ya kalenda mpya kukubaliwa.

JUA NA SAA HAVIPATANI

Kitu kingine saa hii ilionyesha, nacho ni cha kalenda vilevile: tofauti kati ya saa ya jua na saa ya watu. Mwanzo 1:14 inasema mianga ya mbinguni iliwekwa kwa kutambulisha majira, siku na miaka. Lakini mtu akipima vizuri ataona kwamba jua halifiki katikati ya mbingu kwa wakati uleule kila siku. Dunia inazunguka jua kwa njia ambayo si duara kamili, tena imeinama. Kwa sababu hizo mbili jua linatangulia saa kwa dakika 16 hivi mwanzoni mwa mwezi wa 11, na linachelewa dakika 14 hivi katikati ya mwezi wa pili. Mara nne tu kwa mwaka vinapatana.

Hapa Lubumbashi tunaweza kuona kwa macho, bila dhahabu. Simikeni fimbo iliyonyooka katika kiwanja. Kwa mahali tulipo, kuna siku mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 24 mwezi wa 10 na karibu na tarehe 18 mwezi wa pili, ambapo jua linapita sawasawa juu ya vichwa vyetu, na kivuli cha fimbo kinapotea kabisa. Wengi watangoja saa sita kamili. Watakosa. Mwezi wa 10 kivuli kinapotea saa sita kasoro dakika 6. Mwezi wa pili kinapotea saa sita na dakika 24. Fimbo ileile, kiwanja kilekile, tofauti ya nusu saa. Sehemu moja ya jambo hilo ni kwamba saa yetu ya Lubumbashi imewekwa kwa mstari ulio mashariki yetu, kwa hiyo jua letu linachelewa dakika 10 daima. Sehemu nyingine ni mchezo wa jua wenyewe. Vijana wa shule, jaribuni, mlete majibu. Saa nambari 160 ilikuwa na mshale wa kufuata mchezo huo siku kwa siku.

MIAKA 23 NDANI YA SANDUKU

Baada ya kumalizika, saa ilipita mikononi mwa watu mbalimbali. Mwenyewe mmoja aliirudisha kwa Breguet mwaka wa 1838 ili itengenezwe, na haikuchukuliwa tena. Mwaka wa 1887 iliuzwa kwa Mwingereza. Mwaka wa 1917 ilifika kwa Sir David Salomons, mtu aliyependa saa za Breguet kuliko wote. Binti yake Vera alirithi na akajenga Yerusalemu nyumba ya makumbusho ya sanaa ya Kiislamu, yenye jina la mwalimu wake, L. A. Mayer. Ilifunguliwa mwaka wa 1974, na saa za baba yake zikawekwa humo.

Usiku wa tarehe 15 mwezi wa 4, 1983, mwizi aliingia akachukua saa 106. (Kwa wanaofuata mambo haya: tarehe 15 mwezi wa 4 ni mojawapo ya zile siku nne ambazo jua na saa vinapatana.) Polisi walitafuta wakachoka. Mwizi, Na'aman Diller, alikufa mwaka wa 2004, na kabla ya kufa alimfunulia mke wake siri. Mwaka wa 2006 wakili aliwasiliana na makumbusho, na saa nambari 160 ikarudi. Mwaka wa 2007 habari ilitangazwa kwa watu wote. Wakati huohuo kampuni ya Breguet, ikidhani saa imepotea kabisa, ilikuwa inatengeneza nyingine ya kufanana nayo kwa kufuata michoro na picha za zamani. Ilimalizika mwaka wa 2008.

Mimi, katika habari hiyo yote, swali langu si feza yake. Ninauliza: miaka ile 23 ya kufichwa, kalenda ilikuwa inaonyesha nini? Mnakumbuka tulisema saa hii inakula mwendo wa mwenye kuivaa. Ndani ya sanduku hakuna anayetembea. Resori ikilegea, saa inasimama, na lile gurudumu la miaka minne linasimama pale lilipofika. Linajua bado urefu wa kila mwezi. Pengo la siku 29 liko mahali pake. Lakini halijui tena kama ni mwaka wa 1983 au wa 2006, na hakuna kipande hata kimoja kati ya 823 kinachoweza kuhesabu siku zilizopita katika giza. Ili kalenda ianze tena, sherti mtu aje kutoka nje, ambaye hakuacha kuhesabu, ayasogeze magurudumu na kuyaambia: leo ni siku fulani. Ni sawa na telefone ya zamani iliyozimika betri siku nyingi. Ikiwaka, inaomba tarehe.

Safina vilevile ilikuwa imefungwa. Someni Mwanzo sura ya 7 na ya 8 mkiwa na kalamu. Mvua ilianza mwezi wa pili siku ya 17. Safina ikatua mwezi wa saba siku ya 17. Kati yake zinatajwa siku 150, yaani miezi mitano ya siku 30. Nchi ikakauka mwezi wa pili siku ya 27 ya mwaka uliofuata. Kwa miezi ile ambayo mvua ilifunika jua na mwezi, kuna mtu ndani aliyehesabu.

KARIBU NA KWETU

Daktari Livingstone alifika ziwa Moero, ambalo upande wake mmoja leo ni wa jimbo letu la Haut-Katanga, tarehe 8 mwezi wa 11, 1867. Alikuwa na saa za kupimia safari, kronometa, ambazo zinamsaidia mtu kujua yuko umbali gani mashariki au magharibi. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule mchukuzi wake aliteleza njiani akaanguka nazo. Zilitikisika, na vipimo vya ziwa Bangweulu alivyoandika baadaye vikapotoka. Alipolirudia ziwa hilo miaka mitano baadaye, ramani yake mwenyewe haikumsaidia, akazunguka katika maji na matete akiwa mgonjwa.

Kwa siku, alitegemea daftari. Kila siku anaandika. Lakini katika nchi ya Manyema aliugua muda mrefu, na hesabu ikamponyoka bila yeye kujua. Aliporudi Ujiji mwaka wa 1871, daftari lake liliandika kwamba ni mwisho wa mwezi wa 10. Stanley, aliyemkuta pale, aliandika katika kitabu chake tarehe 10 mwezi wa 11. Watu wawili wamesimama mahali pamoja, wanaamkiana, na tarehe zao hazipatani. Naye Stanley alikuwa amelala na homa njiani, na waliochunguza baadaye hawaikubali hata tarehe yake bila mashaka. Baada ya kukutana kwao, daftari la Livingstone linaruka na kufuata hesabu ya mgeni.

Mwisho wa mwezi wa 4, 1873, alikuwa amelala katika kijumba kwa chifu Chitambo, kusini ya Bangweulu. Neno la mwisho katika daftari lake ni la tarehe 27. Siku iliyotangulia usiku wa kufa kwake alimwita Susi, mtu wake wa miaka mingi, alete saa yake. Hakuwa tena na nguvu ya kuishika. Akamwonyesha Susi namna ya kuilaza katika kiganja cha mkono, kiisha yeye mwenyewe akazungusha ufunguo polepole mpaka saa ikajaa. Wale waliokuwa pale walilikumbuka jambo hilo, wakalisimulia walipofika Uingereza.

Alipokufa, Susi na Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba mpaka Bagamoyo, safari iliyomalizika mwezi wa pili, 1874. Kabla ya kuondoka, Jacob Wainwright, kijana wa kabila la Wayao aliyesoma katika shule ya misioni huko Nasik, India, alichonga jina la Livingstone juu ya mti ule, pamoja na tarehe. Alichonga tarehe 4 mwezi wa 5. Horace Waller, aliyepanga daftari la Livingstone kuwa kitabu mwaka wa 1874 kwa kuwauliza Susi na Chuma, aliandika tarehe 1 mwezi wa 5, na hiyo ndiyo inayofundishwa mashuleni. Mti ulikatwa mwaka wa 1899, na kipande chenye maandishi ya Jacob kikapelekwa London.